Maisha ya Geoffrey Spicer-Simson, Baharia wa Ziwa Tanganyika

Kila mmoja wetu amepata kusimama pale Rusizi, penye daraja la kuvukia kwenda Bukavu, akayatazama maji yanavyotoka katika Ziwa Kivu na kuanza safari yao ya kushuka. Tumefundishwa katika jiografia kwamba Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi tu, na kwamba mto wetu hukimbia kilomita 117 hivi kutoka ziwa moja hata la pili. Lakini ni wachache wanaojua kwamba huko maji yetu yanakoishia palipiganwa vita vya manowari, na kwamba mshindi wa vita vile alikuwa mtu ambaye wakubwa wake walikwisha kumkatia tamaa.

Napenda kuwasimulia maisha ya mtu huyo. Jina lake lilikuwa Geoffrey Basil Spicer-Simson. Nimemchagua yeye kwa sababu siku hizi wanafunzi huzungumza sana habari za nyambizi za nguvu za atomiki, zile manowari zinazokaa chini ya bahari miezi mizima na kuwatia watu hofu bila kuonekana. Wengi hudhani kwamba hayo ni mambo ya bahari za mbali, hayatuhusu sisi watu wa milimani. Natumaini mwisho wa habari hii mtaona kwamba somo lenyewe lilikwisha kufundishwa hapa jirani yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Utoto na ujana wake

Spicer-Simson alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania huko Australia, tarehe 15 Januari 1876. Jamaa yake walikuwa Waingereza, nao walikaa pia Ufaransa, hivyo akajua Kifaransa vizuri. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana ndilo lililompatia kazi baadaye. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 14 tu, aliingia katika jeshi la manowari la Uingereza kujifunza ubaharia.

Kazi moja aliiweza vizuri, nayo ni kupima maji. Mpimaji wa maji huenda polepole na mashua yake, hutupa kamba yenye risasi, hupima kina, huandika, kisha huchora ramani ili meli za watu wengine zisipande mwamba. Spicer-Simson alifanya kazi ya upimaji Borneo, na katika mto mkubwa wa Yangtze huko China, na baadaye katika mto wa Gambia, Afrika ya Magharibi. Kazi hii inataka subira, nayo haina sifa nyingi. Yeye alipenda sifa. Alijisifu kwa mambo aliyoyafanya na mengine asiyoyafanya, alipenda kusimulia jinsi alivyowinda wanyama wakali, na mikono yake ilikuwa imechanjwa picha za nyoka. Wenzake hawakumpenda sana.

Tena alikuwa mtu wa mikosi. Katika mwaka 1905 nyambizi zilikuwa jambo jipya, na hakuna aliyejua namna ya kuzikamata. Spicer-Simson alibuni kwamba manowari mbili zikokote kamba kati yao ili kunasa darubini ya nyambizi inayochungulia juu ya maji. Walipoijaribu shauri hiyo, nusura waizamishe nyambizi ya Waingereza wenyewe. Mara nyingine, katika kujaribu ulinzi wa bandari ya Portsmouth, aliipandisha meli yake ufukoni. Tena meli yake iligonga mashua ndogo na mtu akafa, naye akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa hiyo wenzake wa rika lake walipanda vyeo, yeye akabaki nyuma.

Nyambizi yamharibia kazi

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, watu walihitajika, naye akapewa manowari ndogo chache kuzisimamia katika pwani ya Uingereza inayoelekea Ufaransa. Huenda alifikiri kwamba sasa bahati imemrudia. Tarehe 11 Novemba 1914 manowari yake iitwayo Niger ilikuwa imetia nanga karibu na mji wa Deal mchana kweupe. Yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu pamoja na mkewe. Nyambizi ya Wajerumani, namba yake U-12, ikaja chini ya maji, ikaipiga Niger kwa topido, nayo ikazama watu wakitazama kutoka ufukoni.

Hebu tufikiri kidogo juu ya nyambizi za siku zile. Zilikuwa vyombo vidogo. Chini ya maji zilikwenda kwa nguvu za betri, na betri zikiisha ilibidi zipande juu ili injini za mafuta zipate hewa na kuzijaza tena. Zilizama kwa saa chache tu. Hata hivyo zilitosha kuitia hofu bahari nzima. Nahodha hakujua tena kama maji yaliyotulia mbele yake ni maji tu, ama kuna adui ndani yake. Spicer-Simson, aliyetaka kuzikamata nyambizi kwa kamba, sasa aliharibiwa kazi na nyambizi. Akaondolewa baharini, akaketishwa ofisini London kushughulika na karatasi.

Ziwa lililoshikwa na Wajerumani

Wakati huo huo mambo ya Ziwa Tanganyika yalikuwa mabaya kwa Wabelgiji na Waingereza. Ziwa lile lina urefu wa kilomita 670 hivi. Upande wa mashariki ulikuwa wa Wajerumani, ambao wakati huo walitawala pia Rwanda na Burundi. Upande wa magharibi ulikuwa Kongo ya Wabelgiji. Na kusini ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini. Siku chache tu baada ya vita kuanza, tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Kisha meli ya Waingereza, Cecil Rhodes, nayo ikazamishwa. Tangu hapo Wajerumani walipita ziwani wapendavyo. Walikuwa na Hedwig, na chombo kidogo zaidi kiitwacho Kingani. Kwa vyombo hivyo viwili vidogo waliweza kushuka pwani yoyote usiku, wakakata simu, wakachoma ghala, na kurudi kwao. Majeshi ya Wabelgiji hayakuthubutu kuvuka.

Huku kwetu pia vita vilifika mapema. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani wa Rwanda walikiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, nao wakawa na askari hapa Shangugu, kama mji wetu ulivyoandikwa siku zile, wakiangaliana na Wabelgiji ng'ambo ya Rusizi. Miezi mingi ilipita hivyo, kila upande ukimwogopa mwenzake.

Wajerumani walikuwa na jambo jingine ambalo Waingereza hawakulijua bado. Huko Papenburg, Ujerumani, ilikuwa imeundwa meli kubwa ya chuma, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam, na kupelekwa Kigoma kwa reli. Pale ikaunganishwa tena. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake ulikuwa mita 70 hivi, na hakukuwa na meli nyingine ziwani ya kulingana nayo. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la yule Mjerumani aliyefika Rwanda mwaka 1894, akaliona Ziwa Kivu, na baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani waliipa mzinga mmoja mkubwa uliotolewa katika manowari yao Königsberg, iliyoangamia katika Rufiji Julai 1915.

Safari ya Mimi na Toutou

Mwezi wa Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London na shauri. Alisema kwamba motaboti ndogo zenye mwendo mkali zinaweza kupelekwa kupitia Afrika ya Kusini na Kongo mpaka Ziwa Tanganyika, na kuwashinda Wajerumani. Mkuu wa manowari, Sir Henry Jackson, aliikubali shauri hiyo. Lakini nani aende? Maofisa hodari walikwisha kupewa kazi nyingine. Alitafutwa mtu ajuaye Afrika kidogo, na ajuaye Kifaransa ili asikilizane na Wabelgiji. Spicer-Simson alikuwa ofisini, tena alijitolea. Basi akapewa yeye.

Alipewa motaboti mbili za mbao, kila moja urefu wa futi 40, zenye mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Mzinga wenyewe ulikuwa mzito kwa mbao zile, hata ukipigwa upande upande chombo kingeweza kuvunjika. Ulifaa kupiga mbele tu. Alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa walikataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa cha mzaha yana maana ile ile, na wakubwa wakakubali.

Motaboti na watu 28 hivi waliondoka Uingereza katikati ya Juni 1915. Walifika Cape Town mwanzo wa Julai, wakapanda gari moshi, wakapita Bulawayo na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, hata wakafika Fungurume mwanzo wa Agosti. Hapo reli ilikwisha. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba, yenye urefu wa zaidi ya futi 6,000, na pori lisilo na barabara.

Ndugu zangu, katika vitabu vingi sifa ya safari hii amepewa Spicer-Simson na mabaharia wake. Lakini aliyefungua njia ni nani? Ni mamia ya Waafrika waliokata miti, wakang'oa visiki, wakapasua mawe, na kujenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo. Motaboti zilikokotwa na mashine mbili za mvuke na maksai wengi, na penye mwinuko mkali watu walizivuta kwa kamba. Mashine za mvuke hunywa maji mengi, na mahali pamoja maji yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya karibu walichota maji mbali sana, wakayaleta kwa mitungi vichwani. Kama si wanawake hao, Mimi na Toutou zingaliozea porini. Majina yao hayakuandikwa. Mimi nayasoma maisha ya mtu huyu mkubwa nikiwakumbuka wao kwanza.

Mwisho wa Septemba walifika kwenye reli ndogo ya Sankisia, wakaenda nayo hata Bukama penye mto Lualaba. Maji ya mto yalikuwa machache kwa sababu ya kiangazi, hivyo walizifunga motaboti na mapipa matupu ili zielee juu ya michanga. Kutoka Kabalo walipanda reli tena. Mwisho wa Oktoba 1915 walifika Lukuga, mji uitwao sasa Kalemie. Walikuwa wamekwenda maili 3,000 hivi kwa nchi kavu na mito tangu Cape Town, na motaboti zote mbili zilikuwa nzima.

Vita vya ziwani

Wajerumani walisikia uvumi kwamba kuna jambo Lukuga. Walimtuma ofisa wao Rosenthal kupeleleza, akakamatwa Desemba 1915 kabla ya kurudi na habari kamili. Kwa hiyo hawakujua wanangojewa na nini.

Tarehe 26 Desemba 1915 asubuhi, siku ya pili ya Krismasi, Kingani ilionekana. Mimi na Toutou zikatoka bandarini na kuifuata kwa nyuma. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu, na nahodha wake alipogundua kwamba vyombo vile ni vya adui alikuwa amechelewa. Kwa muda wa dakika 11 hivi yote yalikwisha. Nahodha na baadhi ya mabaharia wake waliuawa, na Kingani ikatekwa, ikavutwa hata Lukuga, ikazibwa tundu, ikawa manowari ya Waingereza kwa jina la Fifi. Ilikuwa manowari ya kwanza ya Wajerumani kutekwa katika vita ile na kutiwa katika jeshi la manowari la Uingereza. Yule mtu wa mikosi akapandishwa cheo.

Tarehe 9 Februari 1916 ilikuja Hedwig von Wissmann kuitafuta Kingani. Spicer-Simson akiwa ndani ya Fifi, na Mimi ikimfuata pamoja na vyombo vya Wabelgiji, waliifukuza. Fifi ilikuwa nzito, ikaachwa nyuma. Mimi ikakimbia mbele, ikawa inapiga Hedwig kwa nyuma, ikimlazimisha adui kugeuka ili ajibu, na kila alipogeuka alipoteza mwendo. Fifi ikapata nafasi ya kukaribia. Ilikuwa imebakiwa na risasi chache za mzinga. Mojawapo iliipiga Hedwig, ikawaka moto na kuzama. Manahodha wengi wangaliomba ushindi kama huo maisha yao yote.

Katika Lukuga na vijiji vyake sifa yake ilivuma sana. Kwa sababu ya joto alizoea kuvaa kitambaa cha kuzunguka kiunoni kama sketi, ambacho alisema mkewe ndiye aliyemshonea, na watu wa pale, hasa Waholoholo, walimpa jina la Bwana Chifunga Tumbo. Inasimuliwa kwamba walifinyanga sanamu zake kwa udongo.

Hofu ya mizinga

Siku ya pili baada ya Hedwig kuzama, ilitokea Götzen yenyewe, ikipita polepole kuwatafuta wenzake. Watu wa Spicer-Simson waliona kwa macho yao, wakakimbilia vyombo vyao. Yeye akaitazama meli ile, akakataa wasitoke. Wengi walishangaa, na Wabelgiji walikasirika.

Kwa jambo hili mimi simlaumu. Mzinga wa Götzen wakati huo ulikuwa wa kweli, nao ulipiga mbali kuliko mizinga yake yote. Risasi moja ingaliigeuza motaboti ya mbao kuwa kuni. Hapo ndipo tunapoona maana ya kuogofya ili kuzuia: Götzen haikupiga hata risasi moja siku ile, walakini ilishinda.

Lakini jambo la pili ni gumu kulitetea. Mwanzo wa Juni 1916 aliamriwa asaidie askari wa Rhodesia waliokuwa wakiishambulia boma ya Bismarckburg, mahali paitwapo Kasanga sasa, kusini mwa ziwa. Kazi yake ilikuwa kuziba njia ya majini, ili Wajerumani wasitoroke. Alifika, akaiona boma juu ya kilima, akaona na midomo ya mizinga, akarudi kujificha Kituta. Usiku Wajerumani walipanda majahazi yao, wakaondoka salama. Askari wa nchi kavu walipoingia bomani waliikuta mizinga ile. Ilikuwa magogo ya miti yaliyochongwa.

Aibu ile ilimvunja. Mkuu wa askari wa nchi kavu alimkaripia, naye akajifungia, akaugua kwa huzuni, na baadaye madaktari wakamrudisha Uingereza.

Na hiyo Götzen? Wakati huo Wajerumani walikuwa wameuondoa mzinga wake mkubwa ili utumike nchi kavu, wakaweka mzinga wa mti mahali pake. Yaani simba huyo alikwisha ng'olewa meno, na hakuna aliyejua. Mwezi Juni ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kwa mabomu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen, baada ya kupaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibike, na siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Meli ile ilitolewa majini baadaye, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wengi wa wazee wetu waliipanda. Hata katika karne hii ya 21 ilikuwa bado ikibeba abiria na dagaa.

Ziwa lilipokuwa huru, Wabelgiji walisonga mbele bila kuogopa kushambuliwa kwa nyuma. Katika Aprili 1916 majeshi yao yalivuka hapa kwetu Rusizi na kuishika Shangugu. Mwezi wa Mei walikuwa Kigali na Nyanza. Septemba walikuwa Tabora. Hivyo ndivyo Rwanda ilivyotoka mikononi mwa Wajerumani ikaingia mikononi mwa Wabelgiji, na hakuna Mnyarwanda aliyeulizwa. Wapagazi waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufika 100,000 au zaidi, na kaskazini mwa Rwanda njaa ya Rumanura iliua watu wengi katika miaka ile ile.

Mwisho wa maisha yake

Spicer-Simson alipona. Alipewa nishani na Waingereza na Wabelgiji pia. Mwaka 1919 alikuwa katika ujumbe wa mkutano wa amani huko Versailles. Kisha akarudi kwenye kazi yake ya kwanza, ile ya upimaji. Tangu 1921 hata 1937 alikuwa katibu wa ofisi ya mataifa ya upimaji wa bahari katika mji wa Monaco, ambayo huunganisha kazi ya nchi nyingi ili ramani za bahari zifanane na mabaharia wasipotee. Baada ya kustaafu alihamia Kanada, akafa huko mkoa wa British Columbia tarehe 29 Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 71.

Kwa maoni yangu kazi hii ya mwisho ndiyo iliyofaa watu kuliko Fifi na Mimi, ingawa hakuna mtu aliyemfinyangia sanamu kwa ajili yake.

Mafunzo kwetu

Sasa turudi kwenye nyambizi. Miaka 7 baada ya kifo chake, tarehe 21 Januari 1954, Wamarekani walishusha majini Nautilus, nyambizi ya kwanza kwenda kwa nguvu za atomiki. Ndani yake uraniamu hutoa joto, joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo. Moto huo hauhitaji hewa, kwa hiyo nyambizi hailazimiki tena kupanda juu. Hewa ya mabaharia hutengenezwa kutoka katika maji yenyewe, na kinachoirudisha bandarini ni kwisha kwa chakula. Mwaka 1960 Wamarekani walianza kupeleka baharini nyambizi kama hizo zikiwa na makombora ya atomiki. Urusi, Uingereza, Ufaransa na China zikafuata, na baadaye India. Tangu 1969 Waingereza hawajakosa kuwa na nyambizi moja angalau iliyofichwa baharini, mchana na usiku.

Kazi ya nyambizi hizo ni ile ile ya Götzen: kumzuia adui asianze. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Götzen kila mtu alijua iko wapi. Ilikaa Kigoma, ndege zikaenda kuitafuta pale pale. Nyambizi ya atomiki kila mtu anajua ipo, lakini hakuna ajuaye iko wapi. Anayefikiri kuipiga nchi yenye nyambizi kama hiyo anajua kwamba hata akiharibu kila kiwanja na kila bandari, jibu litatoka baharini. Wenye nyambizi hizo husema ndizo zilizozuia vita kuu ya tatu. Wengine hujibu kwamba tumekuwa na bahati tu. Mimi naona mizinga ya mti ya Kasanga inatufundisha jambo: hofu haipimi kweli na uongo, hupima yale mtu anayoyaamini. Na mtu aliye na hofu huweza kukimbia gogo leo, na kesho akapiga pasipo sababu.

Msidhani tena kwamba sisi hatumo. Mimi na Toutou zilipokuwa zikipelekwa kwa reli katika Katanga mwaka 1915, zilipita karibu na kilima cha Shinkolobwe. Mwaka ule ule wa 1915 ndipo uraniamu ilipogunduliwa pale. Miaka 30 baadaye uraniamu nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilitoka katika shimo hilo, ikachimbwa na Waafrika wasioambiwa inakwenda kufanya nini. Kama wale wanawake wa mitungi, walibeba mzigo wasiouchagua. Kwa hiyo ni jambo la heshima kwamba mataifa ya Afrika yalifanya mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kazi 2009, wa kukataza silaha za atomiki katika bara letu lote.

Basi ndugu zangu, mkisimama tena pale darajani, yatazameni maji yanayoshuka. Mtu aliyeshindwa mara nyingi anaweza kushinda. Spicer-Simson ni shahidi. Mtu aliyeshinda naye anaweza kuogopa gogo. Spicer-Simson ni shahidi wa hilo pia. Tusome kwa bidii, ili itakapofika zamu yetu ya kutishwa tuweze kwanza kutazama vizuri kama mzinga tunaotishwa nao ni wa chuma au ni wa mti.